Meza ya Daktari wa Ng'ombe

Jumatatu, 29 Julai 1996

Kiti cha saba kimekwisha leo kabla ya saa sita. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa unacheza. Nikaufungua, nikatia gundi upya, nikaufunga kwa kamba. Kimebaki kimoja tu.

Mama Konsolata anataka viti vinane vifanane kabisa na vile vinne vya zamani alivyovikuta ndani ya nyumba. Kimoja ameniachia hapa Migori niige. Fito saba mgongoni, mvule mtupu, hakuna msumari hata mmoja. Aliyekitengeneza alikuwa fundi. Nikikitazama sana naona aibu ya kazi zangu nyingine.

Huyu Mama Konsolata ni muuguzi mstaafu, Mluhya aliyefanya kazi Homa Bay mpaka akazeekea huko. Amenunua nyumba ya mawe iliyo juu ya mji, ile aliyokaa daktari wa ng'ombe zamani za Mzungu. Miaka mingi wamekaa popo peke yao. Ameezeka upya, ametia vioo, sasa ni hoteli. Ya kula, si ya kulala.

Alasiri mke wangu Achieng' ameletewa barua na mama mmoja muuza dagaa. Imetoka kwa kaka yake, Ouko. Mama yao atapasuliwa tumbo. Kuna uvimbe. Anatakiwa hospitali ya misheni, hii iliyo upande wetu huku, Jumanne ya tarehe kumi na tatu.

Achieng' alipika ugali huku machozi yanamdondoka. Kinachomliza si kisu peke yake, ninajua. Mama mkwe wangu hajaonja kitu kilichotoka mkononi mwangu tangu mwaka wa tisini. Chakula, chai, hata maji. Akija kumwona binti yake hukaa jikoni, hucheka na wajukuu, na hula kile alichokuja nacho kwenye kikapu.

Sasa anaenda kupasuliwa. Kama hatarudi, basi imebaki hivyo hivyo milele.

Bwana, nisaidie. Mimi ndiye niliyeanzisha.

Jumatano, 31 Julai

Kazi imenishinda leo. Nimeharibu fito mbili. Nikaacha.

Nataka niliandike hili jambo kama lilivyokuwa, nisijipendelee.

Baba mkwe alifariki mwaka wa tisini. Kwa Wajaluo, watu wa mke wangu, mkwe huja matangani na ng'ombe, na zamu yetu sisi wakwe ilipangwa Jumamosi, siku ya mazishi yenyewe. Ng'ombe nilimpata mnadani Ijumaa alasiri, jua linaelekea kuzama. Mimi ni Mkuria, na ni Msabato: jua likizama Ijumaa Sabato imeingia, hakuna kununua wala kuswaga ng'ombe mpaka Jumamosi jioni. Nikamfunga ng'ombe kwa rafiki. Kesho yake nikafika matangani na kitabu cha nyimbo tu mkononi.

Watu wakanitazama mikono. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Mkuria gani huyu anakuja bila ng'ombe? Au ng'ombe wamempita njiani?" Watu wakacheka. Kilichoniuma ni kicheko. Ningewaeleza tu kwa upole kwamba ng'ombe yupo, leo ni Sabato. Badala yake nikasimama nikawahubiria. Nikasema marehemu hahitaji damu ya ng'ombe, anahitaji ufufuo. Nilisema hivyo mbele ya mjane, kaburi likiwa wazi.

Jumapili alfajiri nikamswaga yule ng'ombe mwenyewe mpaka kwao. Nilidhani nimefanya vizuri. Nimemheshimu Mungu, nimewaheshimu wakwe. Nikafika, turubai zimeshashushwa, wakwe wengine wote wameondoka, majivu yamepoa. Wanawake waliponiona na ng'ombe wakapiga yowe. Shangazi yao mmoja akaniuliza, "Umeleta ng'ombe wa nani? Nani mwingine amekufa hapa?" Ng'ombe wa mkwe huja na waombolezaji. Akija peke yake, matanga yameisha, wanasema anatafuta maiti wa pili.

Mama mkwe hakutoka nyumbani. Ouko ndiye aliyegeuza ng'ombe, akamchapa kuelekea njiani. Nikarudi naye.

Kuhusu Sabato bado naamini nilikuwa sawa. Kuhusu mdomo wangu nilikosa. Miaka sita sijamwambia hivyo. Kwanza ningemwambiaje, na mkwe hasimami na mama mkwe kuongea ana kwa ana? Hicho ndicho kisingizio changu. Kimenitosha miaka sita.

Ijumaa, 2 Agosti

Viti vimefika Homa Bay. Nilipanda na Achieng' kwenye pikapu ya mteja wangu mmoja, viti vimefungwa nyuma, kile cha mfano juu ya vyote. Tukapitia kwanza nyumbani kwao kumjulia hali mgonjwa, ni nje kidogo tu ya mji.

Amekonda. Kitambaa cha kichwa kimekuwa kikubwa kuliko kichwa. Nikamsalimia nikiwa mbali, macho chini, naye akajibu vizuri akauliza habari za watoto. Kisha Achieng' akaingia naye ndani, mimi nikabaki kwenye gari.

Kidogo nikaona mama ametoka. Anakuja polepole mpaka kwenye pikapu. Nikasogea upande wa pili. Akaweka mkono juu ya kile kiti cha zamani, akazihesabu fito kwa kidole.

Akamuuliza binti yake, si mimi, "Hivi si viti vya Daktari?"

Achieng' akamwambia ndiyo, ni vya ile nyumba ya juu, na hivi vingine ametengeneza baba Rhoda, yaani mimi. Mama akacheka. Akasema alikuwa yaya kwenye nyumba ile miaka minane, kabla hajaolewa. Amelisha watoto watatu kwenye ile meza, asubuhi, mchana na jioni. Yeye amesimama. Chakula chake alikulia kwenye ngazi za jiko. "Miaka minane," akasema, "na matako yangu hayajui kiti hiki kikoje."

Nilijua alifanya kazi kwa Mzungu. Sikujua ni nyumba ile.

Tukapeleka viti. Mama Konsolata amefurahi mpaka akapiga makofi. Meza ni ile ile ya zamani, ndefu, ya mvule, imepigwa msasa mpaka inang'aa. Dirishani unaona ziwa lote, na gugu maji limetandaza kijani mpaka mbali, utasema ni shamba.

Wakati wa kurudi tulifika mpaka mji wa Rongo. Hapo Achieng' akasema, "Tumlete ale pale kabla ya hospitali. Aketi. Hoteli si kwako. Pale labda atakula."

Nikasema nitaomba kwanza. Lakini moyoni nilishakubali.

Sabato, 3 Agosti

Kanisani somo lilikuwa la kuacha sadaka mbele ya madhabahu, uende ukapatane kwanza na ndugu yako. Sikumwomba mhubiri achague hilo. Nilikaa benchi ya nyuma nikahisi kanisa lote linaniangalia kisogo, na nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Nimefunga mpaka jioni.

Jumatatu, 5 Agosti

Ouko amekuja mwenyewe. Hakutuma mtu. Ameegemea mlango wa karakana yangu, kofia mkononi, amekataa kiti.

Naandika maneno yake kwa sababu nataka kuyakumbuka.

"Ora," akaniita, yaani shemeji, "nimesikia unataka kumpeleka mama hotelini kama bibi harusi."

Nikasema ndiyo.

"Na utakaa wapi wewe? Umtazame akitafuna?"

Nikamwambia hapana. Hata kwetu Wakuria ni mwiko vilevile. Nitakaa chumba kingine, mlango umefungwa.

Akacheka kwa pua. "Mtu anaalika watu, halafu anajificha stoo. Nyinyi Wasabato mna mambo."

Kisha akaacha mzaha. Akasema yeye hana neno na hoteli, hoteli si boma la mtu. Lakini nikimwaibisha mama mara ya pili, hata kwa jambo dogo, mimi na yeye tutakutana siku ya kuzikana tu. Na kama ni mimi nitakayezikwa, nisimtegemee.

Nikamuuliza, mama amesema nini?

"Amesema atakuja kuona viti. Kula hakusema."

Hakunywa maji. Ameondoka. Achieng' amemsindikiza mpaka barabarani, wakasimama huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa ametulia kidogo. Imepangwa iwe Jumapili tarehe kumi na moja, saa saba mchana.

Naogopa. Nimeshafanya mambo mazuri kwa nia njema kabla ya hii, na nimeona yalivyotokea.

Jumatano, 7 Agosti

Homa Bay tena, kupanga chakula. Tumekubaliana chakula kiwe sehemu ya malipo ya viti.

Mama Konsolata ameniuliza mara tatu kama nina akili. Mwenye kualika akae kwenye chumba cha vyombo? Nikamweleza. Mkwe na mama mkwe hawali wakitazamana. Akasema sawa, amewauguza Wajaluo miaka thelathini, mambo yao ameyaona, ataniwekea meza ndogo kule ndani pembeni ya kabati.

Tukaja kwenye chakula. Nikasema samaki. Ngege wakubwa wa kukaanga kisha kutiwa mchuzi, ugali wa mtama, mboga ya osuga iliyolazwa na maziwa. Mimi mumi, yaani kambare, sili, ni Msabato na huyo hana magamba, wasiniletee hata mchuzi wake. Akaandika.

Akauliza, "Na kuku?"

Nikasema kuku hapana. Kuku hata asikaribie meza. Mama mkwe hali kuku wa mkwe wake. Kuku ni chakula anachompikia mkwe akienda kwao. Yeye akiwekewa na mkwe ni matusi, ni kama kumwambia amegeuka mtoto. Nikasema mara mbili. Akaandika mara moja, akapigia mstari.

Lakini akasema pia hivi, na ndilo linalonisumbua sasa nikiandika: "Fundi, kwetu mgeni akiondoka bila kuku amefukuzwa."

Nikacheka. Labda singecheka.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimepiga pasi suti yangu. Achieng' amemshonea mama yake gauni la kitenge, la kijani. Ameshona na kufumua shingo mara mbili kwa sababu hajui sasa mama amekonda kiasi gani. Amesema, "Nikimpima atajua nataka kumlilia."

Jua linazama. Naacha kalamu.

Jumapili, 11 Agosti

Tumerudi. Nitaandika yote hata nikimaliza ukurasa wa kesho.

Tulifika mapema. Nikaingia moja kwa moja kwenye kile chumba cha vyombo. Chumba chembamba, kabati la sahani upande huu, ukuta upande huu. Ukutani kuna dirisha dogo la mbao, la kupitishia sahani kwenda chumba cha kulia. Lilikuwa limefungwa. Sikuona kitu lakini nilisikia kila neno. Na mengine Achieng' ameniambia njiani.

Mama amefika na Ouko saa saba na robo. Ameingia kwa mlango wa mbele. Achieng' anasema alisimama pale kizingitini kwanza, akatazama chini, kama mtu anayetafuta viatu vya kuvua. Halafu akaingia. Akaenda mpaka kwenye meza, akasimama nyuma ya kiti, mikono yote miwili juu ya mgongo wa kiti. Akabaki hapo. Wamevuta viti, wameketi, yeye bado amesimama.

Nikamsikia Ouko: "Mama, keti. Watoto wa Mzungu wameshashiba."

Wakacheka wote, na mama akacheka kuliko wote, mpaka akakohoa. Nikasikia kiti kinavutwa. Ameketi. Kisha sauti yake: "Kumbe ni kigumu hivi! Na mimi nawaonea wivu miaka yote."

Nilikuwa peke yangu nikicheka na sahani.

Nikaletewa changu. Ngege mzima, kichwa na mkia vimetoka nje ya sahani, ugali, mboga. Nikafumba macho niombe. Nikiwa bado naomba nikasikia upande wa pili mhudumu anaingia. Akasema kwa sauti ya kujivunia, "Na hiki ni cha mama mgonjwa peke yake. Kuku wa nyumba. Zawadi."

Sikumaliza sala.

Nikafumbua macho.

Mama Konsolata naye akaingia, ana furaha zake. Akasema fundi alikataza kuku wake, naye ametii, kuku huyu si wa fundi. Ni wake yeye mwenye nyumba. Kwake mgeni hula kuku. Kwa akili yake amepata njia nzuri ya kupita. Hakutaka ubaya, Mungu anajua. Lakini ni mimi niliyealika, ni mimi ninayelipa, na kuku ameketi mbele ya mama mkwe wangu. Mbele ya Ouko.

Kiti kikasukumwa kwa nguvu. Ouko. "Twende, mama. Huyu ni ng'ombe wa pili."

Achieng' akaanza kulia. Nikasimama nikashika kitasa cha mlango. Nikitoka, nitasimama mbele ya mama mkwe akiwa mezani. Nikibaki, wataondoka. Sikuwa na sala, nilikuwa nasema tu, Bwana, Bwana.

Kisha nikasikia sauti ya mama, taratibu kabisa.

"Ouko, kaa chini. Unapiga kelele kwenye nyumba ya watu."

Nyayo. Za polepole, zinakuja upande wangu. Nikarudi nyuma mpaka kabati likanigonga mgongo. Nyayo zikasimama ukutani. Halafu mkono ukapapasa mbao upande wa pili, ukapata pale pa kushika bila kutafuta sana, na lile dirisha dogo likafunguka kiasi cha sahani.

Sahani ya kuku ikapita. Vidole vyake nikaviona, uso hapana. Hakuinama, wala mimi sikuinama.

"Wuon Rhoda," akaniita. Baba Rhoda. "Katika nyumba hii mimi ndiye nilikuwa nikigawa chakula. Kuku ni wa mkwe. Chukua."

Nikapokea kwa mikono miwili.

"Wewe wamekupa nini huko?"

Nikasema samaki, mama.

"Umeshamgusa?"

Nikasema bado, nilikuwa naomba.

"Basi umeshambariki. Nipe."

Nikachukua sahani yangu, yule ngege, nikaipitisha. Mchuzi ukamwagikia kwenye mbao. Akaipokea. Lakini hakuondoka. Nikajua ni sasa, na kama si sasa, basi tena.

Nikasema, "Mama, siku ya mazishi ya baba, nilisema maneno mabaya. Na yule ng'ombe nilimleta vibaya. Nisamehe."

Nilitazama ule mkono wake tu, umeshika ukingo wa sahani.

Akasema, "Ng'ombe alikuwa mzuri. Nilimchungulia dirishani. Mwenye baka jeupe hapa begani." Kisha akasema, "Ungemleta siku ambayo watu wana njaa."

Nikafuta mchuzi kwenye mbao kwa kiganja.

"Na maneno," akasema, "maneno niliyasikia yote. Nilikuwa nimeketi karibu na kaburi, si mbali. Yamekaa na mimi miaka sita. Nimechoka kuyabeba, na Jumanne naambiwa nisibebe kitu kizito. Kula, kuku anapoa."

Akafunga dirisha.

Nikasikia nyayo zikirudi. Kiti. Kisha Achieng', sauti imejaa machozi, "Mama, mfupa, angalia mfupa." Na yeye akijibu kwamba alikuwa anakula ngege kabla Achieng' hajaota meno.

Alikula. Samaki wangu. Achieng' anasema alikula upande mmoja wote na kichwa, upande wa pili akampa Ouko, na Ouko akala.

Mimi nilikula kuku wote. Mpaka nikashindwa kupumua, nikaendelea. Ukipewa kuku na mama mkwe huachi.

Mama Konsolata alikuja baadaye kuniomba msamaha, aproni mkononi, uso umemshuka. Nikamwambia mama, usiniombe msamaha, nitakuja kukutengenezea na kabati. Hakuelewa. Nitamweleza siku nyingine.

Waliondoka wao kwanza. Niliwaona kupitia dirisha la nyuma, gauni la kijani linashuka ngazi za mbele, Ouko ameshika kiwiko.

Jumanne, 13 Agosti

Amelazwa. Achieng' yuko naye, amebeba blanketi na chupa ya chai. Mimi nimebaki na watoto. Ugali wangu Rhoda ameutazama akauliza kama ni gundi.

Alhamisi, 15 Agosti

Wamempasua leo asubuhi. Hakuna habari mpaka sasa, saa kumi na moja jioni. Nimeranda ubao mmoja mpaka umekuwa mwembamba kama karatasi. Hauna kazi tena.

Naogopa sana. Lakini si ile hofu ya mwezi uliopita. Ile ilikuwa na uchafu ndani yake. Hii ni hofu tu.

Ijumaa, 16 Agosti

Achieng' ametuma neno kwa mtu wa duka la dawa. Uvimbe wameutoa. Mama ameamka, ameuliza nani analisha kuku wake nyumbani. Daktari anasema tungoje siku kumi ndipo tujue.

Nimepiga magoti papo hapo kwenye vumbi la mbao. Mteja ameingia akanikuta. Akasubiri nimalize.

Jumatano, 21 Agosti

Homa imempanda jana, leo imeshuka. Ouko amekuja kutoka hospitali, amelala hapa kwetu. Hajawahi. Asubuhi alikunywa chai, akaomba ya pili. Akaniambia nikienda Homa Bay kwa lile kabati nimchukue, anataka kujua hizo fito zinaingiaje bila msumari. Nikasema sawa, ora.



Ijumaa, 30 Agosti

Mama ametoka hospitali jana. Njia ya gari kwenda kwao imeharibiwa na mvua, akasema atapumzika Migori siku mbili.

Amekaa jikoni na Achieng', kwenye kiti cha kamba, mto umewekwa nyuma yake. Mimi niko karakana, upande wa pili wa ua, mgongo nimewapa. Nilikuwa nachonga mlango wa kabati. Upepo unaleta sauti zao.

Achieng' alipika uji wa mtama. Nilisikia kikombe kinawekwa mezani. Nikaacha kuchonga, nikajifanya natafuta patasi.

Muda ukapita. Halafu nikamsikia mama analalamika, kwa sauti ya mtu aliyepona, kwamba amefika nusu ya kikombe, na katika nyumba ya fundi mzima uji hauna sukari.

Achieng' akasema imekwisha tangu jana.

Jua lilikuwa bado juu kidogo, Sabato haijaingia. Nimevaa kofia, nimetoka kwa njia ya nyuma, nikaenda dukani kununua sukari.